Mlango wa Kati

Tok. Kimya kidogo, halafu tena: tok.

Jogoo wa jirani zao, kina Susan, hakuwa amewika bado, na Winrose alikuwa ameshaketi kitandani kabla akili yake haijaamka vizuri. Kifundo cha kidole kikigonga ubao wa kitanda, basi, hakuhitaji kingine. Hakuwasha taa. Alinyoosha mkono, akausukuma mlango uliokuwa karibu na mto wake, nao ukateleza kando bila kelele, akawa tayari yuko kwa mwanawe.

"Upande gani?" aliuliza.

"Wa dirisha," Riungu akasema. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza mwaka huo. Wakati mwingine Winrose alishtuka akidhani kuna mgeni chumbani.

Alipitisha mkono mmoja chini ya bega, wa pili chini ya nyonga, akamgeuza taratibu, akaweka mto mdogo katikati ya magoti ili mifupa isigusane. Akapapasa kitambaa alichomfunga kiunoni, akakuta kimelowa, akakibadilisha. Riungu alijifunika uso kwa mkono. Gizani hivyo, wakati hakuna wa kumwona, bado alijifunika. Alikuwa amefanya hivyo kwa miezi sasa, na Winrose aliona, lakini hakusema kitu. Mama mwenye usingizi hupenda kuamini kwamba jambo ambalo halijasemwa halijafika.

Riungu alizaliwa na uti wa mgongo ambao haukufunga. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu, si moto, si mwiba. Muuguzi wa kliniki alimwambia Winrose mapema, bila kumpaka asali: mtoto wa aina hii akilala upande mmoja usiku kucha, nyama inaoza na mwenyewe hajui. Anakuja kujua homa ikishapanda. Wapo waliofariki hivyo, watoto wenye akili zao timamu. Tangu siku hiyo Winrose hakuwahi kulala usiku mzima.

Katika nyumba ya zamani, ile ya mabanzi ya mbao, alikuwa anatoka nje, anazunguka jikoni kwenye tope, ndipo aingie kwa kijana. Nyumba mpya ilikuwa imemwondolea hayo.

* * *

Nyumba hiyo ilichorwa na Mukami, msichana wa kutoka Embu aliyefanya kazi katika ofisi ndogo ya wachoraji majengo huko Meru mjini, upande wa Kaaga. Wafadhili fulani walikuwa wametafuta familia zenye watoto kama Riungu, na bahati ikaangukia boma hili la wakulima wa miraa nje kidogo ya Laare. Wengine wangekuja na ramani iliyokwisha kuchorwa. Mukami alikuja na futi ya kupimia, akavua viatu, akaketi sakafuni kando ya Riungu.

"Ukiwa hapa unaona nini?"

"Viuno vya watu," Riungu akasema.

Mukami alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akaandika.

Basi dirisha likateremshwa hadi kwenye macho ya mtu aliyeketi, akawa anaiona mimea ya miraa na vijana wakiparamia matawi asubuhi. Ukingo wa dirisha ukawa mpana, wa kuwekea vitabu. Kiti chake kikachongwa kwa mbao za sipresi, kikaegemea kushoto kwa sababu mgongo wake uliegemea kushoto. Kamba ikaning'inizwa juu ya kitanda ili ajivute kifua. Chumba chake kikawa na mlango wake wa nje, usio na ngazi bali mteremko wa murami, changarawe nyekundu iliyoshindiliwa. Paa likatokeza mbele sana, maana mvua ya milima ya Nyambene haishuki tu, inakuja kwa kando. Na kuta zikajengwa kwa matofali mekundu yaliyoshindiliwa kutoka kwa udongo wa boma hilohilo, shimo lake likageuka kuwa la mbolea.

Watu walitoka Laare kuja kuangalia. Wengine walisifu, wengine walicheka kando. "Dirisha liko chini kama la kuku," walisema. Winrose aliwaacha wacheke. Mukami alikuwa amemuuliza swali ambalo hakuna mtu, hata mumewe, aliwahi kumuuliza: "Na wewe mama, unalala saa ngapi?" Jibu la swali hilo lilikuwa ule mlango wa kati, wa mbao nyepesi, unaoteleza kwenye reli, kutoka kando ya mto wa mama hadi kando ya kitanda cha mwana. Siku ulipowekwa, Winrose aliufungua na kuufunga mpaka mumewe Kathuri akamwambia, "Wacha, utauchakaza kabla hatujahamia."

* * *

Kathuri alikuwa uani akifunga miraa kwa majani ya mgomba wakati Riungu alipojisukuma kwa kiti hadi karibu naye.

"Baba, Disemba na mimi."

"Na wewe nini?"

"Na mimi niende. Vijana wote wa darasa letu wanaenda. Mimi ndiye nitabaki mwiji peke yangu?"

Mwiji, yaani mvulana asiyetahiriwa. Huku ni neno la kawaida kwa mtoto mdogo. Kwa kijana aliyeanza kuota ndevu ni tusi. Mikono ya Kathuri ilisimama. Kwa miaka yote hakuwahi kulitaja jambo hilo, akiogopa kumuumiza mwanawe, na akiogopa zaidi kujiumiza mwenyewe. Sasa alishindwa aangalie wapi. Akachukua jani la mgomba akajifutia pua nalo.

"Mwanangu," Winrose akaitikia kutoka jikoni, "nani amekwambia ni lazima?"

"Muulize baba kama si lazima."

Kathuri aliendelea kufunga miraa. Lakini jioni hiyo alipita sokoni akipiga mluzi, na watu waliomzoea walishangaa.

* * *

Jumapili baada ya kanisa alikuja Kaimenyi, kaka mkubwa wa Kathuri, ameshapata habari. Hakuwa mtu mbaya, Kaimenyi. Ndiye aliyembeba Riungu mgongoni mpaka zahanati mwaka ule mtoto alipougua kifua na barabara ilikuwa imekatika. Alimshika kijana mkono kwa nguvu, kama wanaume wanavyoshikana.

"Kumbe tuna dume hapa! Na tumekaa tu kama wajinga!"

Riungu alicheka, meno yote nje. Kaimenyi akaingia kukagua mahali kijana atakapokaa mpaka apone jeraha la kutahiriwa. Akasifu dirisha, akajaribu kamba. Kisha akasimama mbele ya mlango wa kati.

"Hii ni nini?"

"Mlango," Winrose akasema.

"Naona ni mlango. Unatokea wapi?"

Kaimenyi akausukuma kwa kidole kimoja, ukateleza, na kitanda cha ndugu yake na mkewe kikaonekana pale, na blanketi lake, na nguo ya kulalia ya Winrose juu ya mto. Mzee aliurudisha haraka, kama mtu aliyefungua choo akakuta mtu ndani.

"Mke wa ndugu yangu," akasema polepole. "Wewe ni wa hapahapa. Hukuolewa kutoka Kisumu. Unajua mama haingii anakolala mwanawe akishakuwa mtu mzima."

Winrose alijua. Hakuna asiyejua. Walimu wanafuata, wachungaji wanafuata, hata wale walio na nyumba za ghorofa mjini wanamjengea kijana chumba chake pembeni, na mama haendi kutandika hicho kitanda. Tatizo halikuwa kwamba alisahau. Wakati nyumba inachorwa, ilimjia akilini, akajiambia: huyu wangu, nani atamtahiri? Nani atauliza?

"Lakini usiku lazima ageuzwe," akasema. "Kila usiku. Ni mambo ya hospitali hayo, si yangu."

"Atageuzwa na wanaume. Kwani hatuna mikono? Kijana wangu Kiunga atalala naye. Akipona, babake yuko." Kaimenyi akateremsha sauti. "Ama unataka akatahiriwe halafu arudi kulala kwa mama? Basi mwache vile alivyo. Hakuna atakayemcheka zaidi."

"Zibeni," Riungu akasema kutoka kwenye kiti.

"Riungu, usiku nani ata—"

"Zibeni, mama." Sauti yake ilikwaruza, akameza mate. "Mliniuliza dirisha likae wapi. Mkaniuliza kiti. Mpaka rangi mliniuliza. Mlango hamkuniuliza. Mliujenga kama mimi nitakuwa mtoto mpaka nife."

Kendi, dada yake mdogo ambaye hajaanza shule, alikuwa chini akichezea gurudumu la kiti. Akaangalia nyuso za wakubwa moja baada ya nyingine, akaacha kucheza.

* * *

Winrose alimpigia simu Mukami akiwa nyuma ya jiko.

"Ai, mama," Mukami akasema. "Kwetu Gachoka, huko Embu, pia ni hivyo. Kaka zangu wote, mama hakanyagi huko kwao."

"Sasa mbona hukuniambia tukichora?"

"Nilidhani... Nilidhani kwa vile yeye..." Hakumaliza.

"Hata mimi," Winrose akasema.

Kisha Mukami akaanza kuongea haraka haraka, kama mtu anayechora huku anasema. Wasizibe bado. Kitanda kinaweza kugeuzwa upande wa sebule, ukuta ule ni mwepesi, watoboe mlango mwingine hapo, na Kathuri awe analala sebuleni. Usiku awe baba ndiye yuko karibu. Na kijana mwenyewe aamue kitasa kikae upande gani. "Mvua ikipungua nakuja na fundi. Mwambie mzee wako anisubiri tu kidogo."

Kathuri alisikiliza yote hayo, akakubali kwa kichwa. "Ni mpango mzuri," akasema. Lakini zahanati ilikuwa imeshapanga siku, na Kaimenyi alikuwa ameshaita fundi. "Huo mwingine tutatoboa baadaye. Kwanza tuzibe huu, watu wasije wakauona."

Fundi aliung'oa mlango kutoka kwenye reli akauegemeza kwenye banda la mbuzi. Hapakuwa na matofali mekundu yaliyobaki, kwa hiyo alitumia mawe ya kijivu yaliyosalia kwenye choo cha kina Susan, na simiti. Ukuta mwekundu ukabaki na kiraka kirefu cha kijivu katikati, wima, kama mtu aliyesimama. Winrose alimpelekea fundi chai. Hakuweza kumwangalia.

Kabla ya siku yenyewe aliwaita mumewe na Kiunga, kijana wa Kaimenyi anayeendesha bodaboda, akamlaza Kendi kwenye mkeka awafundishe.

"Mkono huu chini ya bega. Huu chini ya nyonga. Usivute, nyanyua. Ukivuta ngozi inachubuka. Halafu mto hapa katikati. Halafu unaangalia hapa nyuma, kwenye mfupa huu, kama pamekuwa pekundu."

Kendi alikuwa anatekenyeka na kucheka. Kiunga pia alicheka.

"Mama mdogo, kwani huyu ni yai?"

"Ni yai," Winrose akasema.

Kathuri alijaribu mara moja. Alimgeuza Kendi vizuri. Lakini ilipofika mahali pa kuangalia nyuma, aliinuka akapangusa magoti. "Nimeona. Nimeelewa," akasema.

* * *

Siku za kwanza zilikuwa njema, hiyo ni lazima isemwe. Riungu alirudi kutoka zahanati akiwa amejifunga shuka mabegani, anaimbiwa na vijana, na chumba chake kikajaa. Kupitia mawe yale Winrose alisikia kicheko cha mwanawe, kicheko cha chini, cha tumboni, ambacho hakuwahi kukisikia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Vijana walimfundisha mambo yao. Walimwita kwa jina jipya la utani. Walibishana naye kuhusu mpira wakamtukana kama mwenzao. Winrose alikuwa anamenya viazi huku amesimama karibu na kiraka cha kijivu, anasikiliza, anafuta machozi kwa kiwiko, na hayakuwa machozi mabaya.

Na usiku, akisikia kidole kikigonga, alimsikia Kiunga akikohoa, kitanda kikilia, basi. Alilala. Mwanamke ambaye hakuwa amelala usiku mzima tangu ujana wake alilala mpaka jua likampata.

Kisha mvua ikanyesha vizuri, miraa ikachipua, na bei ikapanda. Kiunga akaanza kutoka kungali giza kubeba mafurushi hadi Laare, maana yakichelewa gari la kwenda Nairobi linaondoka na majani yananyauka. Usiku alirudi na wenzake wakaketi barazani wakitafuna miraa mpaka usiku wa manane, macho makavu, maneno mengi. Walikuwa macho kweli, lakini walikuwa nje.

"Baba Riungu," Winrose alimtikisa mumewe. "Anagonga."

"Kiunga yuko."

"Kiunga hayuko. Enda."

Kathuri alivaa gamubuti, akatoka kwenye mvua, akazunguka nyumba, akarudi.

"Anasema yuko sawa."

"Umemgeuza?"

"Amesema yuko sawa, Winrose. Nimlazimishe? Ni mwanaume yule."

Hakumwambia yaliyobaki. Kwamba alisimama mlangoni na tochi, akamwona kijana amejifunga blanketi hadi kidevuni, wakaangaliana kama wageni wawili kwenye benchi la hospitali. Kathuri hakuwahi kumbadilisha mwanawe kitambaa hata siku moja. Hakujua aanzie wapi. Na Riungu, alipoona babake anatafuta pa kuweka tochi, alimwonea huruma akasema, "Niko sawa, baba. Kalale."

Baada ya hapo kugonga kulikoma. Winrose alijiambia kijana sasa analala vizuri. Alijiambia hivyo akiwa macho, akiangalia mawe.

Aliomba shuka azifue. "Vitu vya huko ndani havitoki mpaka atolewe, mama mdogo," Kiunga akamwambia, akipiga kiki pikipiki. Winrose akipita dirishani na kuni, pazia limefungwa, alipaza sauti: "Riungu! Jivute kwa kamba! Geuka!" Vijana ndani walilipuka kwa kicheko, na mmoja akaiga sauti yake, "Geuka, baby, geuka!" Kisha akamsikia mwanawe: "Mama, wacha. Unaniaibisha." Aliondoka na kuni zake. Sahani zilianza kurudi na chakula, nusu, kisha zaidi ya nusu. Kendi ndiye aliyezipeleka na kuzirudisha kizingitini. Kathuri alisema wanaume wanaopona hawali sana.

* * *

Siku ya kumtoa kijana nje baada ya kupona, boma lilijaa tangu asubuhi. Hema lilisimamishwa, spika mbili zikafungwa kwenye miti, na wanawake wa kanisa wakaja na sufuria zao. Ule mlango wa kuteleza ulikuwa umelazwa juu ya mawe karibu na moto, na wanaume walikuwa wanakatia nyama ya mbuzi juu yake. Winrose aliuona, akapita.

"Mama wa mwanaume!" Susan, jirani yake, alimpigia vigelegele. "Sasa utaanza kutafutiwa mkaza mwana!"

"Atoke kwanza," Winrose akasema, na wanawake wakacheka. Alicheka nao.

Mukami alifika akiwa na matope mpaka magotini. Hakuwa amekuja tangu ile simu: barabara ilikatika, kisha ofisi ikamtuma Isiolo. Alikuja na zawadi, na simu ya kupigia picha nyumba iliyokaliwa. Alisalimia wazee kwa adabu, akaingia sebuleni, akatoka upande wa chumba cha Winrose ameshika simu bila kupiga picha hata moja.

"Ule mlango mwingine haukutobolewa," akasema.

"Bado."

"Nani anamgeuza?"

"Wanaume."

"Nani, mama?"

Winrose alikuwa ameshika mwiko wa pilau. Aligeuka akamtafuta Kiunga kwa macho, akamwona anapanga soda kwenye beseni. Akamwendea, akamshika kiwiko.

"Kiunga, mwanangu. Leo sitagombana na wewe. Niambie tu. Ulimgeuza lini?"

Kijana aliangalia chupa. "Mama mdogo, alinikataza. Alisema akishikwashikwa ni kama mtoto. Tena mimi natoka asubuhi sana. Nilidhani mzee ndiye anamgeuza."

Kathuri alikuwa karibu, amevaa koti la harusi yake, na alisikia. "Mimi nilidhani ni wewe," akasema.

"Leo ako vipi?" Winrose aliuliza.

"Ako na baridi. Anatetemeka kidogo. Tumemvalisha suti, tukampulizia marashi. Mengi kidogo, kwa sababu..." Kiunga hakuendelea. Aliinama akapanga tena soda zilizokuwa zimepangwa.

Winrose aliweka mwiko juu ya kifuniko. Aliweka vizuri, usianguke. Kisha akapita katikati ya viti, akashuka, akapanda mteremko wa murami, na Kaimenyi akainuka kutoka kivulini pa paa akasimama mlangoni. Hakupiga kelele. Hakutaka wageni wasikie.

"Si leo, Winrose. Si mbele ya watu."

"Mtoto ana homa."

"Si mtoto. Hapo ndipo unakosea." Macho ya mzee yalikuwa mekundu, na hakuwa amekunywa. "Ukiingia hapo umemrudisha nyuma. Hiki kisu alichovumilia, hawa vijana waliomkubali, umefuta. Watamwitaje kesho? Fikiria. Mimi nampenda yule kama wewe."

"Basi ingia wewe," Winrose akasema. "Najua unampenda. Ingia, mvue hiyo suruali, mgeuze, umwangalie kwenye mfupa wa nyuma, uje uniambie umeona nini. Nitasimama hapa. Sitasogea."

Kaimenyi alishika fremu ya mlango, akageuza kichwa ndani, na harufu ikampata, marashi juu, na chini ya marashi kitu kingine. Aliachia fremu. Mguu wake haukuinuka.

Kathuri alikuwa amewafuata. Alimshika kaka yake mkono, kwa upole, kama anavyoshikwa mtu mgonjwa. "Kaka, njoo ukae," akasema.

Njia ikawa wazi. Winrose hakuingia. Alisimama kizingitini, vidole vya miguu vikiwa nje ya mstari, pazia likimgusa uso.

"Riungu. Ni mama." Spika zilikuwa zinaimba, alilazimika kuinua sauti. "Nataka kuingia. Nakuuliza. Niingie?"

Mukami, chini ya mteremko, alikuwa ameshika mdomo kwa viganja viwili.

"Ingia," Riungu akasema.

Alikuwa kwenye kiti chake, kwenye suti ya kijivu, tai imekazwa, kofia kichwani, jasho likimtiririka chini ya kofia. Dirisha lilikuwa limefunikwa. Winrose aliteremsha pazia nyuma yake, akavuta la dirishani likafunguka, mwanga ukaingia kwa urefu wa yule aliyeketi. Hakusema pole. Alimkumbatia kifuani, akamwinua, akamlaza kwa tumbo juu ya kitanda, akaondoa suti bila haraka, kama anavyovuliwa mtu mzima, akimfunika shuka mahali pasipohitaji kuonekana. Kisha akaangalia.

Kitambaa kilikuwa kimegandia. Kilipotoka, kilitoka na vingine. Shimo lilikuwa pana kama kiganja cha Kendi, limejaa weusi pembeni, na katikati, chini kabisa, palikuwa na weupe ambao Winrose aliuelewa.

"Ni mbaya?" Riungu aliuliza ndani ya mto.

"Ni ya hospitali. Sasa hivi."

"Siisikii, mama. Haiumi hata kidogo. Ningejuaje?"

"Hungejua."

"Usilie basi."

"Silii. Naangalia." Alichana leso yake safi, akaifunika mahali pale, akaweka mkono wake mwingine kwenye shingo ya mwanawe, palipokuwa panawaka. Alijua alichoambiwa na muuguzi kuhusu homa. Alijua pia kwamba Meru ni mbali, na barabara ni ile. "Babako atakubeba. Mukami yuko, atatafuta gari. Mimi nitakaa nyuma na wewe, tukienda nakugeuza."

"Watasema."

"Watasema."

Riungu alipumua kwa shida. "Basi wakisema," akasema, "waambie kwamba Kiunga nilimkataza kweli."

Nje muziki ulizimwa. Mchungaji alikuwa amefika, amechelewa, ana mazishi ya kwenda, na hakuna aliyekuwa amemweleza kitu. Alichukua kipaza sauti, akawasalimu watu kwa jina la Bwana, akaomba wazazi wasimame mbele ili kijana aletwe. Kathuri hakusimama. Winrose alikuwa amemwita kupitia pazia, naye alikuwa anakimbia kuelekea barabarani na Mukami kutafuta gari, koti la harusi likipepea. Kaimenyi alikaa na kichwa mikononi. Watu wakaanza kugeuka kwenye viti, wakiulizana.

"Mama yuko wapi?" Mchungaji alitabasamu, akatembeza macho, na aliyemwona karibu ni Kendi peke yake, amesimama mwisho wa mteremko na soda ambayo alikuwa amemletea kaka yake. Mchungaji akainama akamwekea kipaza sauti mdomoni. "Hebu wewe mrembo tuambie. Mama yako ameenda wapi?"

Kendi akaangalia nyuma kwenye pazia, akaangalia watu wote, akasema:

"Mama ameingia kwa Riungu."